Kusalimisha nia: tuwaulize walokole wa kwanza

Siku hizi ukimwita mtu mlokole, nusu unamtania. Mlokole ni yule anayekunywa soda kwenye sendofu wakati meza nzima ina bia. Ni yule anayepokea simu kwa "Bwana asifiwe" kabla ya kusema halo. Katika chumba cha habari ninakofanya kazi hatukosi mmoja, na utani juu yake haumwishi.

Wachache wanajua kwamba neno hili limetoka Uganda, na kwamba hata waliolibeba mara ya kwanza walibebeshwa kwa kejeli. Kwa Kiganda ni balokole, yaani waliookoka. Lilivuka mpaka pamoja na watu wenyewe, kwa miguu, kwa baiskeli na kwa meli za ziwani, likafika Bukoba, Dodoma na Kenya ya kati. Leo tunalitumia kana kwamba lilizaliwa Kariakoo.

Nimekuwa nikisoma habari za watu hao kwa miezi kadhaa sasa, na kilichonisukuma ni sentensi ambayo kila mwandishi anayetumwa kuripoti ajali ameisikia: "Ni mapenzi ya Mungu." Basi limepinduka, tairi zilikuwa vipara, dereva hakulala siku mbili. Watu wamekufa. Msibani anasimama mzungumzaji na kutuambia tuyapokee mapenzi ya Mungu, kwa sababu kazi yake haina makosa. Tunaitikia, tunazika, tunarudi mjini. Wiki ijayo tairi ni zilezile.

Sina ugomvi na mfiwa anayejifariji. Ninachouliza ni hiki: Mkristo anaposema amesalimisha nia yake kwa Mungu, amefanya nini hasa? Amekunja mikono? Amenyamaza? Au kuna jambo linaloonekana ambalo jirani yake anaweza kulishuhudia? Walokole wa kwanza walikuwa na jibu, na historia yao inatuonyesha lilifika wapi na lilikwama wapi.

Tuanzie Rwanda. Mwaka 1928 daktari kijana Mwingereza, Joe Church, aliyesoma Cambridge, alifika Gahini, kando ya ziwa Muhazi. Alitumwa na misheni ya Kianglikana iliyokuwa chini ya CMS. Hospitali ilikuwa changa, na hajakaa vizuri ikaingia njaa kubwa ya 1928 na 1929 ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu walikufa kwa maelfu. Wengine waliangukia njiani wakielekea Uganda kutafuta chakula. Church alifanya kazi mpaka akaishiwa nguvu za mwili na za roho. Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika.

Huko, kwenye kilima cha Namirembe lilipo kanisa kuu la Waanglikana, alikutana na Simeoni Nsibambi. Huyu hakuwa mtu wa kuokota mtaani. Alikuwa Mganda wa familia yenye heshima, amesoma King's College Budo, ametumikia kikosi cha utabibu katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaajiriwa idara ya afya ya serikali. Alitamani sana kwenda kusoma ng'ambo, akakosa nafasi, na jambo hilo lilimchoma moyo. Daktari aliyechoka na mtumishi wa serikali aliyekosa Ulaya walikaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Wanahistoria wengi wanahesabu Uamsho wa Afrika Mashariki kuanzia hapo.

Hebu tulitazame tukio hilo kwa macho ya wakati wake. Ni mwaka 1929, ukoloni umekaa vizuri kwenye kiti. Mzungu ni bwana na Mwafrika ni "boi" hata akiwa na mvi. Halafu wawili hawa wanakaa chini wakiwa sawa, kila mmoja akikiri mbele ya mwenzake kwamba amepungukiwa. Kabla hata ya mahubiri yoyote, hilo peke yake lilikuwa habari.

Church alirudi Gahini. Nsibambi aliacha kazi ya serikali. Aliacha na viatu pia, akawa anatembea peku na kanzu yake, akihubiri mitaa ya Kampala. Wasomi wenzake walimwona amepotoka.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha mtu ambaye hatajwi sana, Yosiya Kinuka, kutoka Ankole. Alikuwa kiongozi wa watumishi Waafrika katika hospitali ya Gahini. Kazi ilimchosha, mahusiano pale hospitalini yalikuwa mabaya, naye alifikiria kuondoka. Akafunga safari mpaka Kampala kumwona Nsibambi. Alipoulizwa habari za Gahini, alieleza matatizo, na unaweza kukisia kwamba mengi yalikuwa ya watu wengine. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamrudisha kwake mwenyewe: tatizo la hospitali ni dhambi iliyo moyoni mwako, anza na hiyo. Kinuka alikasirika, lakini kabla safari ya kurudi haijaisha alikuwa amekubali. Alifika Gahini akiwa mtu mwingine, akaomba radhi, na kazi ikabadilika. Baadaye akawa mchungaji.

Angalia alichosalimisha. Wagonjwa walibaki na njaa haikuwa mapenzi ya Mungu ya kukubaliwa kwa kukunja mikono. Alichokabidhi ni haki yake ya kulalamika juu ya wengine huku yeye akijiacha.

Moto huo ulisambaa. Mwishoni mwa Desemba 1933, katika mkutano wa Gahini, watu walisimama mmoja baada ya mwingine, kwa saa kadhaa, wakiungama. Januari 1936 Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyekuwa mwalimu Gahini, alikufa kwa homa ya papasi akiwa Kampala, siku chache kabla ya kuhutubia sinodi ya Kanisa la Uganda. Ujumbe wake ulikuwa neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka. Kifo chake hakikuuzima mwito huo. Mwaka 1937 uamsho ulifika Kenya, na mwaka 1939 ulikuwa umefika Katoke, katika mkoa wa Kagera wa leo. Kila ulipokwenda ulikwenda na wimbo wa Tukutendereza Yesu, ambao mpaka leo unaimbwa kwa Kiganda hata na watu wasiojua neno lingine la lugha hiyo.

Wapendwa hao walikuwa na msamiati wao. Walisema mtu lazima "avunjike", wakiwa na maana kwamba ile nafsi inayotaka kushinda kila ubishi ivunjwe msalabani. Walisema "tutembee nuruni", yaani usifiche kitu. Na walisisitiza kurudisha. Ukiwa umeiba, rudisha. Ukiwa unadaiwa, lipa. Ukiwa umemchukia mtu, mwendee mwambie. Kuokoka bila kurudisha walikuona ni maneno matupu.

Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi, aliokoka mwaka 1941 akiwa mwalimu kijana. Mwenyewe alisimulia kwamba moja ya mambo ya kwanza aliyoona lazima ayafanye ni kupanda baiskeli na kusafiri maili 50 hivi kwenda kwa Mzungu aliyekuwa akimchukia, amwambie kwamba chuki imekwisha na amsamehe. Maili 50 kwa baiskeli, katika milima ile! Wengi wetu tungemwomba Mungu atusamehe kimyakimya kitandani na kulala.

Kivengere alikuja pia kwetu. Tangu katikati ya miaka ya 1940 alifundisha Dodoma, katika shule ambayo baadaye iliitwa Mazengo, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Alipenda pia kusimulia jinsi siku moja alivyogombana na mkewe, kisha akabeba Biblia kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia kwamba arudi kwanza akapatane naye. Akabisha, muda umekwisha, watu wanasubiri. Jibu alilolisikia ni kwamba basi aende peke yake, Mungu atabaki nyumbani na mkewe. Akarudi nyumbani. Nadhani kila mwanamume aliyeoa anaelewa ukubwa wa mapenzi aliyoyasalimisha siku hiyo.

Kwa upande wa mama yangu tunatoka Kagera, na hadithi ya aina hii ipo hata kwetu. Babu alipookoka, miaka ya 1950, alikwenda kwa jirani yake akang'oa mimea ya mpaka aliyokuwa ameisogeza miaka iliyopita, akairudisha mahali pake. Kipande cha kibanja kikaondoka pamoja na migomba yake. Anayejua Wahaya na kibanja anajua maana yake. Ndugu zake walimkasirikia sana, kwani kibanja ni mali ya ukoo, yeye nani akigawe kwa sababu ya dini yake? Bibi aliwahi kuniambia kwamba kwa muda mrefu hawakumkaribisha kwenye pombe ya ukoo, ambayo hata hivyo alikuwa ameacha kuinywa. Mkoa huohuo ulimtoa Josiah Kibira, aliyeguswa na uamsho mwaka 1947, akawa askofu wa Kilutheri na mwaka 1977 Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kitabu chake cha mwaka 1974 kinahusu jambo hilihili: ukoo, kanisa, na nani ni ndugu yangu.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: sawa, walikuwa watu wapole, wanyenyekevu, wa kutii. Watawala waliwafurahia basi? Hapana, na hili ndilo lililonishangaza.

Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kikundi cha wanafunzi walokole kilikuwa kinaamka alfajiri sana kuomba, na kilikuwa kinasema wazi juu ya dhambi iliyomo ndani ya chuo, wizi na mafundisho yaliyolegea. Uongozi ukawaamuru waache. Wakakataa. Wanafunzi 26 wakafukuzwa, akiwemo William Nagenda aliyekuwa miongoni mwa vinara wao. Walipoteza nafasi ya kuwa makasisi. Hata hivyo hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki katika Kanisa lilelile lililowafukuza. Miaka sita baadaye, mwaka 1947, Nagenda na Kinuka walikuwa Uingereza pamoja na Joe Church, Waafrika wakiwahubiria Wazungu toba.

Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau vilivyoanza 1952, walokole wa Kikuyu walikataa kula kiapo. Walisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Kwa hiyo walipigwa pande zote mbili, baadhi waliuawa. Unaweza kuwalaumu kwa kutojiunga na kupigania ardhi, na wapo Wakenya wanaowalaumu mpaka leo. Lakini mwaka 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa, viapo viliporudi tena Kenya ikiwa huru na watawala ni weusi, walokole walikataa vilevile. Hawakuwa vibaraka wa mkoloni. Nia yao ilikuwa imeshawekwa rehani kwa mwingine.

Na Uganda ya Idi Amin ilimpata Janani Luwum. Aliokoka Januari 1948 akiwa mwalimu, akapanda ngazi mpaka kuwa Askofu Mkuu. Februari 1977 askari walipekua nyumba yake usiku wakidai wanatafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Sijui kama kulikuwa na mtu aliyesema ni mapenzi ya Mungu, lakini Waganda hawakuiamini ile ajali. Kivengere alikimbia nchi, na mwaka huohuo akatoa kitabu akisema anampenda Idi Amin. Watu hawa walikuwa na moyo wa kumsamehe dikteta na ulimi wa kumwambia ukweli, vyote kwa pamoja.

Kwa hiyo jibu la kwanza la historia ni kwamba aliyesalimisha nia kwa Mungu kikweli anakuwa mgumu kutawaliwa na mtu mwingine yeyote. Hana cha kutishiwa nacho. Chuo kitamfukuza, ukoo utamsusia, Rais atamuua, lakini atabaki pale pale.

Nikiishia hapa nitakuwa nimeandika tangazo, nami ni mwandishi wa habari. Uamsho huu ulianzia Rwanda, na Rwanda ndiko mwaka 1994, kwa siku 100 hivi, watu wapatao 800,000 waliuawa, wengi wao Watutsi. Wauaji na waliouawa walikuwa wamebatizwa katika makanisa yaleyale. Mauaji yalifika hata Gahini. Baadhi ya viongozi wa makanisa walinyamaza, na wengine walikuwa upande wa watawala.

Ilikuwaje? Wapo walioshinda mtihani. Israel Havugimana, Mhutu aliyekuwa akiongoza huduma ya kiinjili na kuhimiza upatanisho, aliuawa tarehe 7 Aprili, siku ya kwanza kabisa. Lakini wanaoichunguza historia ya uamsho wanatoa hoja ambayo siwezi kuikwepa. Orodha ya vitu vya kusalimisha ilikuwa na mipaka. Watu waliungama wizi, pombe, uzinzi na chuki kwa jirani. Siasa, ukabila wa serikali, nani anapewa nafasi shuleni na nani ananyimwa, hayo waliyaita mambo ya dunia, wakayaacha nje ya mlango wa ushirika. Chumba kisichofagiliwa ndimo nyoka alimokaa.

Kuna kosa la pili, dogo zaidi. Ushirika uliokusudiwa kuleta nuru uligeuka mahali pengine kuwa mahakama. Kuanzia miaka ya 1960 walokole wa Uganda waligawanyika, kundi moja likiwa kali mno juu ya mikopo na mavazi, likiwapima wengine kwa kanuni hizo. Kutoka kumwachia Mungu nia yako mpaka kumwachia ndugu mwenye sauti kubwa, ni hatua fupi.

Na hatua hiyo tumeiona ikifika mwisho wake. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu, watoto wakiwemo. Wale nao walikuwa "wamesalimisha" kila kitu, mashamba, kazi, shule za watoto. Maneno ni yaleyale ya Gahini. Ukiyasoma kwenye karatasi huoni tofauti.

Tofauti ipo, na baada ya kusoma haya yote naiona katika maswali mawili. La kwanza: nani amepata kitu? Kule Gahini, aliyeibiwa alirudishiwa mali yake. Jirani wa babu alipata migomba. Mke wa Kivengere alipata mume aliyerudi kupatana. Kusalimisha kwao kulikuwa na risiti, na risiti iko mkononi mwa mtu wa pembeni. La pili: aliyeko madhabahuni naye anasalimisha? Church, pamoja na uzungu wake na udaktari wake, aliungama kama wengine. Nsibambi aliacha mshahara wake. Kama anayekuambia uachilie yote yeye anazidi kupokea tu, ondoka na watoto wako.

Sasa turudi kwenye ile tairi. Nikiwachukua walokole wa kwanza kuwa waalimu wangu, mwenye basi aliyeokoka haanzi kwa kuwaambia wafiwa wayapokee mapenzi ya Mungu. Anaanza kwa kubadilisha tairi, kumpa dereva siku ya kulala, na kukubali kwamba faida ya mwezi huu itapungua. Askari wa barabarani aliyeokoka anaanza na ile elfu kumi anayoikunja kiganjani. Mwandishi aliyeokoka anaanza na bahasha anayopewa baada ya mkutano na waandishi, na najua fika kwamba hapo nagusa sahani ya wengi. Hapo ndipo nia ya mtu inakaa, kwenye vitu vidogo ambavyo kuviacha kunauma. Kuomba mapenzi ya Mungu yafanyike huku umevishika kwa mikono miwili ni kumtania.

Nawatakia Jumapili njema. Na kama kuna mpaka uliousogeza mahali fulani, jembe unalo.